Niliapa Kwamba Aliyenilea Alikuwa Mwajiri wa Mama

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, wakili, nina mke na watoto watatu, na ofisi yangu iko hapa mjini Wote, Makueni. Mlangoni nimeangika kibao cha buluu kinachosema mimi ni Wakili, Kamishna wa Viapo na Notari wa Umma. Watu wakipita wanakisoma, wananiamkua kwa heshima. Mimi nikikisoma nataka kutapika.

Sitii chumvi, wasomaji wenzangu. Nimesoma mikasa yenu mingi humu, ya mabwana waliotoroka na ndugu waliodhulumiana, nikasema hawa wote afadhali, wao walitendewa. Mimi ndiye niliyetenda! Na nilitenda nikiwa na akili timamu, nimeshiba, nimevaa tai.

Nilizaliwa karibu na Zombe, upande wa Kitui, katika boma la wanawake wawili.

Mwenye boma alikuwa Syombua. Mumewe, mzee Kisilu, alifariki akamwachia mabinti wawili na shamba, bila mtoto wa kiume. Kwetu Ukambani mama kama huyo ana njia yake. Anaoa! Ndiyo, umesoma vizuri, mwanamke anaoa mwanamke. Anapeleka mbuzi na ng'ombe za mahari kama mwanamume yeyote, analeta msichana nyumbani, na watoto atakaozaa huyo msichana ni wa boma hilo. Wanarithi shamba, na jina la nyumba halipotei. Msichana aliyeolewa hivyo anaitwa iweto.

Mama yangu, Kaveke, alikuwa iweto wa Syombua. Mwanamume aliyenizaa sikumjua na hakuna aliyejisumbua kuniambia, kwa sababu kimila hakuhesabika. Syombua nilimwita Susu, yaani nyanya, lakini wazee wote wa Zombe walijua kwamba ndiye aliyekuwa baba yangu.

Na alikuwa baba kweli... Alinitengenezea upinde wa kwanza. Alinichapa nilipoacha mbuzi wakaingia kwenye mbaazi za jirani. Nilipopata nafasi ya kuingia sekondari, aliuza fahali wake wa pekee, akanipeleka mwenyewe kwa miguu mpaka Kitui mjini, sanduku langu likiwa kichwani mwake.

Siku ya wazazi shuleni, kina baba walikalia viti vya mbele na kina mama wakakaa nyasini. Susu alifika amevaa koti la marehemu Kisilu juu ya leso zake, akapita kina mama wote, akaenda akaketi katikati ya kina baba. Wavulana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia simjui, labda ni mwendawazimu wa sokoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilidhani aibu ile ingeisha nikiwa mkubwa. Wapi! Ilikua pamoja nami, na kila nilipopanda cheo nayo ikapanda.

Sasa niwaeleze habari ya majina, maana hapo ndipo shetani aliponikamatia. Siku ya kwanza darasani mwalimu aliniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Syombua, akaandika Mutua Syombua. Miaka ilipopita nikaenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho, na karani wa chifu akakataa kuandika jina la mwanamke, akaandika Mutua Kisilu. Kwa hiyo vyeti vyangu vyote vya masomo vilikuwa na jina moja, na kipande kikawa na jina lingine. Watu wengi wa kwetu wako hivyo, na hakuna anayekosa usingizi.

Nilisomea sheria, nikaajiriwa kwa wakili mmoja Kitui, nikaoa binti wa mchungaji wa Makueni, nikahamia huku na kufungua ofisi yangu. Mambo yakaninyookea. Miaka mitano ya uwakili ilipotimia, nikaanza kuota kuwa notari.

Kwa wasiojua, notari ni wakili ambaye muhuri wake unaaminika hata ng'ambo. Makamishna wa viapo, wanaoapisha watu kwenye hati, wapo wengi, lakini notari... Jameni! Upande huu wetu hakukuwa na hata mmoja. Nilikuwa nikilala naona ule muhuri wa chuma unavyobana karatasi na kuacha alama. Mke wangu alinizoea, akawa ananiita Bwana Muhuri.

Masharti yenyewe si mengi. Uwe umefanya kazi ya uwakili miaka mitano bila doa. Umwandikie Jaji Mkuu ombi, uambatanishe vyeti vyako na hati za kiapo. Na upate watu wa heshima wa kukushuhudia kwa maandishi kwamba wewe ni mtu mwadilifu, wa kukabidhiwa neno la mwenzake. Mwadilifu! Ptuu!

Nilikuwa na rafiki, wakili mwenzangu wa Kitui, tumuite Muli. Tulisoma pamoja, tulikula pamoja, alisimama nami siku ya harusi. Nilimpelekea makaratasi yangu ayapitie. Akayaona yale majina mawili, akapiga mluzi. Akaniambia lazima niandike hati ya kiapo kueleza ni kwa nini najiita Syombua hapa na Kisilu pale.

Nikamwambia si shida, nitaeleza ukweli. Muli akacheka. Akaniuliza, hivi kweli nataka majaji wakae Nairobi wakisoma kwamba mwombaji ni mtoto wa mwanamke aliyeolewa na mwanamke? Na je, baba mkwe wangu mchungaji, ambaye kanisa lake linahubiri kila Jumapili dhidi ya mila za giza, atasaini barua ya kunisifu akishajua?

Nilisikia kile kicheko cha wavulana wa sekondari kama cha jana. Muli akaniambia nisihofu, yeye ataniandikia kitu kisafi.

Na kweli aliandika kitu kisafi! Hati ilisema kwamba mimi ni mwana wa marehemu Kilonzo, mfanyabiashara wa Mtito Andei, aliyefariki nikiwa mchanga. Kwamba mama yangu, baada ya kufiwa, aliajiriwa kama mfanyakazi wa nyumbani na mama mmoja wa Zombe aitwaye Syombua. Kwamba mwalimu alikosea akaandika jina la huyo mwajiri. Na kwamba mimi sina undugu wowote na Syombua wala na nyumba ya marehemu mumewe, ambaye karani wa chifu naye aliandika jina lake kimakosa.

Kilonzo gani? Hakuna Kilonzo! Tulimtunga pale mezani tukinywa chai, tukampa biashara, tukamuua. Mimi na digrii yangu nikajizalia baba kwa taipureta.

Nilishika Biblia, nikaapa mbele ya Muli, nikatia saini, akagonga muhuri wake wa kamishna wa viapo. Ilikwisha kabla chai haijapoa. Nilitoka nje nikanunua machungwa ya kupelekea watoto, na nakumbuka yalikuwa matamu.

Baba mkwe akasaini barua yake kwa furaha. Bahasha ikaenda Nairobi. Nikaanza kungoja.

Mwezi wa tatu wa kungoja, mama yangu alinijia Makueni bila taarifa. Alikuwa amebeba kuku wawili, na macho mekundu. Akanieleza kwamba Nzioka, mtoto wa ndugu wa marehemu Kisilu, ameenda kortini Kitui kudai shamba lote. Anasema nyumba ya Syombua haina mwana, kwa hivyo ardhi irudi kwake.

Akaniambia Susu hana wasiwasi hata kidogo. Anapita sokoni Zombe akicheka, anawaambia watu, "Nzioka amelewa nini? Mimi nina mwana, na mwana mwenyewe ndiye sheria." Alichotaka ni kwamba nije siku ya kesi, nisimame, niseme mimi ni wake. Basi.

Nikaikumbuka hati yangu ya kiapo. Lakini nikajipa moyo, ile karatasi iko kabatini Nairobi, nani atajua? Nikamwambia mama nitakuja. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniombea baraka.

Siku ya kesi nilivaa suti ya kijivu. Susu alikuwa benchi la mbele, amevaa lile koti la Kisilu, limechakaa mpaka limekuwa halina rangi. Aliponiona naingia, alimgeukia mtu wa nyuma yake na kusema kwa sauti, "Huyo ndiye mwanangu. Sasa mtaona." Karani akamwambia anyamaze.

Niliapishwa. Nikaanza vizuri, nakwambia! Nikasema nilizaliwa katika boma la Syombua, akanilea, akanisomesha, na kwa mila ya Wakamba... Nzioka alianza kujikuna shingo.

Halafu wakili wa Nzioka akasimama. Nilikuwa sijamtazama vizuri, alikuwa ameinamia mafaili yake. Alikuwa Muli!

Alifungua faili, akatoa nakala ya hati yangu ya kiapo. Kisheria hakupaswa kabisa kuwa katika kesi ile, yeye aliyeniapisha. Lakini ningelalamika kwa mdomo gani? Akaniuliza kwa upole kama hiyo ni saini yangu. Nikasema ndiyo. Kama niliapa kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akaniomba niisomee korti.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nikasoma haraka haraka, nikishukuru Mungu kwamba Susu hajui Kiingereza. Kumbe nimesahau kazi yangu mwenyewe! Kortini kuna mkalimani. Yule bwana alisafisha koo na kuanza kutafsiri kwa Kikamba, sentensi moja moja, kwa sauti ya kusikika mpaka nje dirishani. Kwamba sina undugu na Syombua. Kwamba mama yangu alikuwa mfanyakazi wake...

Susu alikuwa akiitikia kwa kichwa mwanzoni, akidhani ni maneno ya Nzioka. Ilimchukua muda kuelewa ni ya nani.

Hakimu akavua miwani. Akaniuliza swali moja tu, maneno yaliyo kwenye karatasi ni ya kweli au si ya kweli?

Wasomaji, nisikilizeni hapa. Nilikuwa na njia mbili, na nilizijua zote. Nikisema si kweli, shamba linabaki kwa Susu, lakini mimi nimekiri kuapa uongo mbele ya hakimu. Unotari umekwisha, uwakili umekwisha, labda na jela. Nikisema ni kweli, Susu anakwenda barabarani na miaka yake themanini na kitu, na mimi bahasha yangu inakuja kutoka Nairobi.

Nilimtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amenyanyua kidevu, ananisaidia, jinsi alivyokuwa akifanya nikishindwa kusoma neno gumu mbele ya wageni.

"Ni kweli, mheshimiwa," nikasema.

Mkalimani akalitafsiri hilo pia.

Nje ya korti nilijaribu kupita haraka nifike kwenye gari. Susu akaniita. Alikuwa ameketi chini ukutani na mama yangu. Hakunipigia kelele. Alimgeukia mama akamuuliza, "Kaveke, kumbe nilikuwa nimekuandika kazi? Mbona miaka yote hii hujadai mshahara?" Na wakacheka, wote wawili! Walicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakukoma kicheko kilipokwisha.

Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalisahau. Alisema, zamani zao mtu akiapa kithitu, kile kiapo chetu cha kimila, alikaa miezi akiogopa hata kukohoa, na jamaa zake wote wakimwogopea. "Ninyi wasomi mnaapa, halafu mnaenda kunywa chai." Nikaingia kwenye gari na suti yangu, nikaondoka.

Nzioka alipewa shamba. Aliwaacha wavune kunde, kisha akaleta vijana wakabomoa nyumba ya Susu mchana kweupe, yeye akiangalia. Wanawake wawili wazee wakahamia kwa binti mkubwa wa Susu, boma la wakwe. Nilipeleka unga na blanketi. Mama alivirudisha kwa dereva yuleyule.

Na bahasha ikafika! Jaji Mkuu ameniteua. Mke wangu alichinja mbuzi, na marafiki wakaja. Nilikula ile nyama nikaenda nyuma ya nyumba nikaitapika yote, nikasema ni malaria.

Mnataka kujua notari anafanya kazi gani hapa Makueni? Nitawaambia. Hakuna! Watu wa huku wanataka muhuri wa chifu, wanataka hati ya ng'ombe aliyepotea. Nani ana karatasi ya kupeleka ng'ambo? Nimepata muuguzi mmoja aliyekuwa anaenda Uingereza, na mwenye duka mmoja wa Emali mwenye ndugu Bombay. Wengine ni wa kuhesabu kwa vidole. Muhuri wenyewe umeshika kutu. Nilimuuza mzazi wangu kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyekihitaji...

Karani wa zamani wa Muli alikuja kwangu kutafuta kazi, akanifungulia mengine. Siku ile Muli ananiandikia "kitu kisafi", faili la Nzioka lilikuwa tayari mezani kwake, chini ya gazeti. Aliniandikia ule uongo akijua atautumia wapi. Rafiki yangu! Aliyesimama nami kanisani! Nilimchukia kwa miaka. Lakini kila nikimchukia nakumbuka kwamba hakunishika mkono, niliandika jina langu mwenyewe na nikapiga mstari chini yake.

Baba mkwe naye habari zilimfikia. Alikuja ofisini, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Kumbe dada yake mkubwa ni iweto, yuko Kibwezi, na mchungaji humtembelea kila Krismasi! Akasema angesaini barua ile kwa mikono miwili. Kisha akaniomba msamaha kwa kunishuhudia kuwa mwadilifu, akachukua kofia yake akaondoka. Hajawahi tena kuomba sala nyumbani kwangu.

Susu aliishi misimu miwili tu ya mvua. Alizikwa kwa wakwe wa binti yake, ugenini, yeye aliyetoa mahari ili asikose mahali pa kulala. Hakuna aliyeniita. Nilisikia, nikaenda, nikasimama nyuma.

Wakasoma historia ya marehemu. Alizaliwa wapi, aliolewa na nani. Msomaji akasema, "Marehemu ameacha mabinti wawili, wajukuu, na mke mmoja, Kaveke." Hakuna aliyecheka. Jina langu nililingoja... Nililingoja nikiwa nimekwisha anza kusogea mbele! Halikuja. Mwishoni kabisa, wakishukuru wageni, mshereheshaji akasema, "Tumeona pia kuna wakili kutoka Makueni ametutembelea, tunamkaribisha." Akaniomba niseme maneno machache kama mgeni. Nilimpungia mkono aendelee.

Watu walipokuwa wakitupa udongo, nilimwendea mama yangu. Alinipa mkono. Si kunikumbatia, mkono, kwa adabu. Akaniuliza, "Huko kwenu mvua imenyesha?"

Mama bado yuko hai. Naenda kumwona kila baada ya muda, na kila mara anatuma mtu aniletee kiti na chai katika kikombe cha wageni. Nimemwambia niko tayari kwenda kortini kukiri uongo wangu. Alinijibu kwamba Syombua amekwisha kuoza, nikiri kwa faida ya nani? Na mimi, mwoga niliyezoea, nikakubali haraka, nikanywa chai yangu.

Nawasihi ninyi mnaosoma haya, hasa vijana mnaojaza fomu za kazi, za shule, za vyeo. Mtaulizwa habari za kwenu, na mtaona aibu. Labda mama yako anauza chang'aa, pombe ile ya magendo. Labda ulilelewa na kipofu, au na mwanamke aliyevaa koti la mwanamume. Andika hivyo! Andika kwa herufi kubwa. Nafasi ikikupita, ikupite. Usikubali rafiki mwerevu akusafishie wazazi wako kwa maneno mazuri, na usiapie uongo kwa sababu tu karatasi haiumi mtu. Iliua nyumba nzima Zombe, na mimi ndiye niliyeitia saini.

Wateja wakija kuapa mbele yangu siku hizi, nawaomba wasome kwa sauti, polepole, hata kama wana haraka. Wengine wananiona msumbufu, wanaenda kwa mawakili wengine. Wachache husoma, wakafika mahali wakanyamaza, wakakunja karatasi yao na kurudi nyumbani. Hao huwa siwatozi kitu. Nawafungulia mlango, na nikibaki peke yangu nawaonea wivu.